Nilisema Tuko Pamoja

Nilijifunza kusema uongo katika kipindi cha hesabu, na aliyenifundisha hakujua kwamba ananifundisha. Mwalimu wetu wa kidato cha pili, katika shule ya kutwa hapo Thika, alikuwa na mazoea ya kuandika ubaoni huku ametugeuzia mgongo. Kila baada ya mistari mitatu minne aliuliza bila kutazama nyuma, "Tuko pamoja?" Nasi darasa zima tuliitikia, "Tuko pamoja." Nusu yetu tulikuwa tumeachwa tangu mstari wa kwanza. Lakini nani angekubali kuonekana mjinga mbele ya watu hamsini, tena kengele ya mapumziko ikiwa karibu kulia?

Siku moja tu ndipo mtu alipojibu vingine. Msichana niliyekaa naye alisema, "Hapana mwalimu, mimi umeniacha." Darasa likaguna. Mwalimu akafuta ubao, akaanza hesabu upya kutoka juu, na tulipotoka chapati zilikuwa zimekwisha kantini. Nilimnunia hadi jioni. Ukweli ni kwamba hesabu ile niliielewa siku hiyo kwa sababu yake, wala sikumwambia asante.

Wanafunzi wa huku kwetu humwita mtu wanayekaa naye "deskmate," na kwa kifupi "deski." Basi mimi na yeye tukawa deski, na jina hilo likabaki hata baada ya dawati lenyewe kuliwa na mchwa. Baba yake alikuwa ametoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi kiwandani, na mama yangu alimpenda deski wangu kwa sababu hakuwa akibakiza chakula. Naeleza haya yote ili ijulikane nilimfahamu vizuri mtu niliyemfanyia nitakayoyasimulia. Deski wangu alipoteza kazi kwa neno moja nililolisema mimi. Bado nina kazi yangu.

Miaka mingi baadaye tulijikuta katika kampuni moja ya programu za kompyuta. Mimi nilikuwa nasimamia kikundi kidogo cha watu wanne pale Kamenu, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Yeye alikuwa na watu wake watatu kule Gatongora, Ruiru. Walikuwa wamejianzishia kampuni yao, bosi wetu akainunua ikiwa changa. Bosi alituambia sasa sisi ni familia moja, kisha akatuacha kila mmoja kwenye nyumba yake. Alibandika karatasi iliyochapwa kwa rangi kwenye ofisi zote mbili: Kidole kimoja hakivunji chawa. Zaidi ya hapo sikumbuki alifanya nini kutuunganisha.

Kazi tuliyopewa kwa pamoja ilikuwa mfumo wa faili za wagonjwa, kwa ajili ya kliniki ndogo ndogo kuanzia Thika hadi Juja. Sisi wa Thika tulitengeneza sehemu ya kuandikisha mgonjwa na kuhifadhi habari zake. Wao wa Ruiru walitengeneza sehemu ya kumtafuta akirudi. Ukilifikiria, ni kitu kimoja kilichokatwa katikati. Mtu anaandikwa huku, anatafutwa kule, na asipopatikana ni kama hakuwahi kuandikwa. Kutoka ofisi moja hadi nyingine ni dakika ishirini barabara ikiwa wazi. Kwa mwaka mzima tulikutana ana kwa ana mara tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa matanga.

Tulichokuwa nacho ni kundi la WhatsApp na mkutano wa Jumatatu kwenye skrini. Bosi alizungumza kwa nusu saa, kisha akauliza, "Tuko pamoja?" Nasi kila mmoja kwenye kisanduku chake tukajibu, "Tuko pamoja." Kila nilipoitikia nilimwona deski wangu akitabasamu upande wa chini wa skrini, na nilijua anamkumbuka nani. Yeye mwenyewe hakulitumia neno lile ovyo ovyo. Asipoelewa aliuliza, na mikutano ikawa mirefu, na watu wangu wakaanza kumwita "Mama Maswali." Sikuwakanya. Nilicheka nao.

Sasa nieleze kuhusu herufi mbili. Sisi Wakikuyu ulimi wetu haujali sana mpaka kati ya L na R. Marehemu nyanya yangu alikuwa akipanda "rori" kwenda "kurara" kwa dada yake, na hakuna aliyepotea njia. Shida huja mtu anapoandika. Kijana wa mapokezi kwenye kliniki anauliza jina, anaandika alivyosikia. Mama yule yule mwezi huu ana L katikati ya jina, mwezi ujao ana R, na mfumo unamwona kuwa wanawake wawili.

Nililigundua jambo hili mapema, nikalitibu kwa mchana mmoja. Niliandika mistari minne tu katika sehemu yetu: kila jina linapohifadhiwa, L yoyote igeuke R. Ilinipendeza kazi ile, ilikuwa safi. Nilipaswa kuwaambia watu wa Ruiru siku hiyo hiyo, na sikuwaambia. Sababu yake ni ya aibu. Wiki moja kabla, kijana mmoja wa kwao alikuwa ametuandikia kwenye kundi, "Watu wa Thika mmerara?" Wote wakacheka, na sisi tukacheka kwa meno. Sikutaka kuwa mtu wa kupeleka habari za L na R kwenye kundi lile. Nikaona afadhali nifunge mdomo, mistari minne ni kitu gani?

Miezi miwili baadaye deski wangu naye aligundua jambo lile lile upande wao. Yeye akaamua kinyume. Katika sehemu yao, kila jina linapotafutwa, R yoyote igeuke L. Kila uamuzi kwa upande wake ulikuwa na akili. Ukiyaweka pamoja, sisi tulikuwa tunamficha mtu chini ya R, wao wakamtafuta chini ya L, na yeyote mwenye herufi mojawapo katika jina lake hapatikani tena. Na katika maeneo yetu, ni watu wangapi hawana R popote katika majina yao matatu?

Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuficha. Aliandika maelezo ya kurasa sita, akanitumia siku ya Jumatano na kuniomba nisome kabla hawajaanza kutumia mabadiliko yao. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Nikaona vichwa vya habari na michoro yenye mishale. Nikasema nitasoma jioni. Jioni nikasema kesho.

Ijumaa saa kumi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, simu ikaita. Nakumbuka kila neno.

"Deski, niaje. Ile document nilikutumia umesoma?"

"Poa. Nimesoma."

"Yote?"

"Yote, deski. Tuko pamoja."

Nilidhani mtandao umekatika, nikasema halo mara mbili.

"Niko," akasema. "Sawa basi. Si uandike kwa group ndio boss aone. Ameniambia lazima iende live Monday."

Kinyozi akanisubiri huku mashine inanguruma hewani. Nikaandika kwenye kundi: Tuko pamoja. Nikaongeza alama ya kidole gumba, nikainamisha kichwa anyoe upande uliobaki.

Jumatatu mabadiliko yakaanza kutumika. Walikuwa wameyajaribu, sisemi hawakuyajaribu. Deski wangu aliandikisha jina lake mwenyewe kama mgonjwa, akalitafuta, likatokea mara moja. Majina yake ya kwao magharibi, yote matatu, hayana L wala R.

Mtu atauliza kwa nini hatukujua siku ile ile. Ni kwa sababu watu wa mapokezi wamezoea vitu kukosekana. Jina lisipotokea, hawapigi simu kwa mtu. Wanafungua faili mpya, wanaandika "mgonjwa mpya," foleni inasonga. Wagonjwa wengi walikuwa na homa na vikohozi, wakapewa dawa, wakaenda nyumbani, hakuna aliyedhurika. Kwa zaidi ya mwezi mfumo wetu ulikuwa unasahau watu kila siku na sisi tulikuwa tunapongezana.

Kulikuwa na mama mzee mmoja kutoka Theta. Sikuwahi kumwona, haya niliyasikia kwa mkubwa wa kliniki. Alikuwa na kisukari kwa miaka, na kila mwezi alikuwa akija siku ya Alhamisi kuchukua insulini yake na kufungwa kidonda cha mguu. Alhamisi ya kwanza akaambiwa hayumo. Mgonjwa mpya hapewi insulini mpaka apimwe na majibu yatoke, kwa hiyo akapimwa, akaambiwa arudi wiki ijayo. Alhamisi ya pili majibu yakatafutwa chini ya jina lake, hayakuonekana, na yeye tena hayumo. Akapimwa upya. Alhamisi ya tatu ikawa hivyo hivyo. Inasemekana alimtazama kijana wa mapokezi akamwuliza kwa upole, "Kwani nilikufa na hamkuniambia?" Watu kwenye foleni walicheka. Kijana naye alicheka. Mama akaenda zake, na Alhamisi ya nne hakuja.

Binti yake ndiye aliyempeleka hospitali kubwa, kidonda kikiwa kimeshaharibika. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kisha binti akaja kliniki na faili ya zamani ya karatasi mkononi, akaiweka mezani na kuwaambia, huyu hapa mtu ambaye hayumo.

Mkubwa wa kliniki alinipigia mimi kwanza. Nililigundua tatizo ndani ya dakika kumi. Sikuhitaji hata kuinuka kitini. Nilisoma sehemu ya Ruiru, nikaona R inageuka L, na nikakumbuka mistari yangu minne. Halafu nikafungua ile document ya kurasa sita, na safari hii nikaisoma, na nilipofika ukurasa wa nne nikaifunga. Nitarudi kwenye ukurasa huo.

Bosi aliita mkutano Ruiru, siku ya Jumanne, sote watu wazima tukizunguka meza moja na chai kwenye vikombe vya karatasi. Ile karatasi ya chawa ilikuwa ukutani nyuma yake na sikuweza kuitazama, nikikumbuka vidole vya yule mama. Mteja alikuwa amekasirika na alitaka kuambiwa kosa ni la nani. Na kazi yetu hii ina sheria yake isiyoandikwa: aliyegusa mwisho ndiye aliyeharibu. Mistari yangu ilikuwa imekaa miezi miwili bila malalamiko. Mabadiliko ya Ruiru yalikuwa ya juzi juzi.

"Nani alikubali hii kitu iende live?" bosi akauliza.

"Tulituma kwa Thika wakakubali," deski wangu akasema. Alisema "Thika." Hakusema jina langu.

Bosi akafungua simu yake, akapandisha ujumbe hadi ile Ijumaa, akasoma kwa sauti, "Tuko pamoja." Akanigeukia. "Hapa ulimaanisha nini?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema: nilimwambia nimesoma na sikuwa nimesoma. Maneno matano tu, hata hayangejaza pumzi moja. Badala yake nilisema, "Nilimaanisha nimepata message. Si ati nimeapprove." Na mbaya zaidi ni kwamba kila mtu pale mezani alijua neno hilo hutumika hivyo. Ukimwambia mtu tuko pamoja humaanishi umekubali, humaanishi umekataa, unamaanisha aache kukusumbua. Bosi mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

Deski wangu alinitazama. Simu ya Ijumaa haikuwa na ushahidi, lakini ilikuwa imepigwa, na mimi na yeye tu ndio tuliojua. Alikuwa na kikombe mkononi na hakuwa akinywa. Nikatazama chai yangu. Nikasubiri aseme, na nilikuwa nimeshatayarisha jibu la kumkana, Mungu anisamehe. Akakiweka kikombe mezani kikiwa bado kimejaa. Mkutano ukaendelea na mambo ya kumwomba mteja radhi.

Mwisho wa mwezi ofisi ya Gatongora ilifungwa. Vijana wake wawili waliletwa Kamenu, wa tatu akaenda zake Nairobi, na yeye akaambiwa kampuni inamtakia heri. Mimi nikapewa kazi ya kuandika utaratibu mpya ili jambo kama lile lisitokee tena. Niliuandika vizuri sana. Hakuna tena kujibu "tuko pamoja" kwenye mambo ya kazi. Mtu lazima aandike: Nimesoma na nimekubali. Bosi alinisifu mbele ya wote. Baada ya wiki sita hivi niliona kwamba ukiandika "Nim" simu inakumalizia yenyewe yaliyobaki, na majibu yakawa yanaingia hata kabla ya mtu kupata muda wa kufungua kilichotumwa. Sikumwambia bosi. Na mimi ninafanya hivyo hivyo.

Nilikaa miezi mitano bila kumpigia. Kila siku nilijiambia nitampigia nikipata maneno, na maneno yalikuwa yale yale matano. Silali vizuri. Nimekuwa mkali kwa watu wangu bila sababu, na yule kijana wa "mmerara" ananiogopa. Nikiona mtu anachechemea barabarani naangalia kando.

Jumamosi moja asubuhi nikaenda Gatongora. Nilikuwa nimesikia amefungua saiba, kaduka kadogo kenye kompyuta mbili na mashine ya kuchapa, anawajazia watu fomu za serikali na kuwapiga picha za pasipoti. Nilimkuta akimsomea mama mmoja fomu, mstari kwa mstari, na kila mstari akimwuliza kama ameelewa. Mama alipotoka, akaniona.

"Karibu, mkubwa," akasema. "Ni kuprint ama photocopy?"

Hakuniita deski. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekuja kukwambia sikuwa nimesoma," nikasema. "Ile Ijumaa. Nilikudanganya."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Hiyo Friday," akasema. Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine, akizigongagonga zilingane. "Page four kulikuwa na swali. Niliandika jina yako na rangi nyekundu. 'Nyinyi huku Thika mnabadilisha L ama R mkisave?' Ungekuwa umesoma ungenijibu. Wewe uliniambia tuko pamoja. Hiyo si jibu ya swali."

Huo ndio ukurasa niliokuwa nimeufunga. Nilimwuliza kwa nini basi aliendelea.

"Boss alikuwa ananipigia kila saa. Na nilikuwa nimechoka kuitwa Mama Maswali. Unafikiri sikusikia?" Akafunga trei ya mashine. "Nikasema wacha tu, kama amesema tuko pamoja, tuko pamoja. Ile siku ya meeting nilikuwa nakungoja useme, halafu na mimi niseme yangu. Niliona ukianza, nitamaliza. Nilingoja mpaka chai ikapoa."

Mtu pekee katika darasa letu aliyewahi kusema umeniacha, mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona hata hilo lingekuwa la kujipa nafuu mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwa ameniomba nizoe kitu.

Mteja akaingia na kitambulisho chake, anataka nakala mbili. Nikasimama nimpishe benchi. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Na yule mama wa Theta, mlienda kumwona?"

"Bado," nikasema.

Nikiwa njiani kurudi Thika ndipo lile neno lilipoanza kuniuma. Bado ni neno la mtu anayekusudia kwenda. Miezi mitano ilikuwa imepita, na katika ofisi yetu nzima hakuna aliyewahi kuuliza hata njia ya kwao.